Kipya Kinyemi

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii niliifundisha kwa miaka mingi, nikiwaeleza wanachuo jinsi binadamu anavyopenda kitu kwa upya wake tu, hata kama ndani yake kina madhara. Nilikuwa nikiieleza vizuri, nao walikuwa wakiyaandika maelezo yangu katika madaftari yao. Lakini mganga hajigangi. Mimi niliyekuwa nikiieleza ndiye niliyeamuru kabati zima la maandalio ya masomo lichomwe moto, kwa sababu yaliyokuwamo yalikuwa ya zamani.

Kisa hicho sikupata kumsimulia mtu yeyote, hata marehemu mke wangu, mpaka mwaka jana, mjukuu wangu aliponijia na taabu ya kompyuta.

Mjukuu huyo ni binti wa mwanangu wa pili. Alisomea mambo ya kompyuta, kisha akarudi hapa Mpanda, na kazi yake ni kuwaandikia watu programu: wenye maduka ya pembejeo, vyama vya kuweka na kukopa, na shule za binafsi. Jioni akija kunijulia hali huwa tunakaa barazani, naye hunieleza kazi zake kwa uvumilivu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanachuo wangu. Ndiye aliyenifahamisha kwamba mwandishi wa programu haandiki kila kitu mwenyewe. Yapo mafungu ya msimbo, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata, yaliyokwisha kuandikwa na watu wengine na kuwekwa wazi kwenye intaneti. Fungu moja linajua kupanga majina kwa alfabeti, jingine linajua kuhesabu tarehe, jingine linajua kufunga barua kwa siri. Mwenye haja hulichukua akalitia katika programu yake. Mafungu hayo wenyewe huyaita maktaba.

Neno hilo lilinipendeza, maana nimeishi na maktaba maisha yangu yote. Ila maktaba hizi zinatofautiana na zetu kwa mambo mawili. La kwanza, kitabu ukikiazima mwenzako hukikosa, lakini maktaba ya programu wanaweza kuichukua watu laki moja kwa siku moja na isipungue. La pili, kwetu sisi msomaji aliyeandika kwenye kitabu cha maktaba alitozwa faini. Kwao, ukiona kosa unaruhusiwa, na hata unaombwa, uandike sahihisho na kumpelekea mtunzaji. Akiridhika nalo hulitia ndani, na kila aichukuaye maktaba hiyo tangu siku ile hulipata sahihisho lako pasipo kukujua.

Sasa niieleze taabu yenyewe. Shule moja ya binafsi ilimwomba mjukuu wangu awaandikie programu ya kupokea ada na kutoa risiti. Risiti ilitakiwa ionyeshe kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kama ilivyo desturi. Basi alitafuta kwenye intaneti maktaba inayogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili, akaipata moja. Alipoijaribu kwa shilingi 105,000 ikaandika: elfu mia moja na tano.

Msomaji, hebu yasome tena maneno hayo. Elfu mia moja na tano ni kiasi gani? Mmoja atasema ni 105,000. Mwingine, naye hakukosea, atasema ni 100,005. Lugha yetu ina mtego hapo, na ndiyo sababu wafanyabiashara wetu hupenda kusema laki moja na elfu tano, ili pasiwe na ugomvi. Mjukuu wangu aliuona mtego huo mara moja. Akasema, aliyeandika hii hajapata kununua hata gunia la mpunga hapa sokoni. Akaiacha, akaandika ya kwake. Ilimchukua wiki tatu. Aliijaribu kwa 120,000, kwa 135,000, kwa 250,000, kila mara ikajibu sawasawa na kwa Kiswahili kizuri. Akaipeleka shuleni.

Ndani ya muhula mmoja likazuka jambo. Mzazi mmoja, mkulima wa kijiji kilicho kando ya barabara ya Karema, alikuwa anadaiwa 150,000 kwa ajili ya mwanawe, akalipa kwanza 105,000. Risiti ilipotoka, tarakimu zilisema 105,000, lakini maneno yalisema: laki moja na elfu hamsini. Programu ya mjukuu wangu, ilipokuta sifuri katikati, iliiruka, na ile tano ikasogea nafasi moja. Karani hakuona. Mtoto aliweka risiti katika sanduku lake. Wakati wa mtihani wa majaribio ulipofika wadaiwa waliitwa, naye akaitoa risiti kwa furaha na kusema kwamba hadaiwi. Mhasibu alipoona maneno hayalingani na tarakimu, na kumbukumbu za ofisi zinasema 105,000, aliamini kwamba risiti imechezewa. Baba alipigiwa simu, na kwa kuwa ni mtu mkweli alijibu kwamba alilipa laki moja na elfu tano. Basi mtoto akaonekana mwongo mbele ya ofisi na mbele ya baba yake kwa wakati mmoja. Alikaa siku mbili nje ya chumba cha mtihani.

Mkuu wa shule hiyo aliwahi kuwa mwanachuo wangu, na ndiye aliyenipigia simu. Alisema, "Shikamoo Mwalimu. Nina risiti nyingine mbili za namna hii hapa mezani." Nikajua kwamba kosa si la mtoto.

Mjukuu wangu alipokuja jioni ile hakukaa. Alisimama karibu na nguzo ya baraza akalia. Nilimngoja atulie, kisha nikamwuliza, "Ile maktaba ya kwanza, uliyoiacha, uliisoma?"

Akasema, "Niliiona, Babu."

Jibu hilo ndilo lililonirudisha nyuma miaka thelathini.

Mwaka 1994 nilihamishiwa katika chuo kimoja cha ualimu, mbali na hapa Mpanda, niwe mkuu wa chuo. Nyuma ya ofisi ya taaluma palikuwa na chumba kidogo chenye kabati kubwa la mninga, na ndani yake mlikuwa na madaftari ya kaunta zaidi ya mia moja. Hayo yalikuwa maandalio ya masomo yaliyoandikwa na wakufunzi wa chuo hicho tangu miaka ya sitini: namna ya kufundisha kugawanya sehemu, namna ya kufundisha irabu, namna ya kuonyesha kuota kwa mbegu. Mwanachuo aliyekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha vijijini aliazima madaftari mawili au matatu, na aliporudi aliyarudisha. Mtunzaji alikuwa mkufunzi mmoja mzee, aliyebakiwa na miaka michache ya kustaafu. Hakuna aliyempa kazi hiyo, wala hakulipwa chochote kwayo. Aliyashona kwa sindano ya magunia yalipofumuka na kuyagandisha kwa uji wa muhogo.

Mimi nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nimetoka kwenye semina, kichwa kimejaa. Nilifungua madaftari manne au matano. Nikaona galoni na inchi katika nchi iliyokwisha kuhamia lita na sentimita. Nikaona mwandiko wa watu watatu katika ukurasa mmoja, mistari iliyokatwa, wino mwekundu pembezoni, mishale inayopanda na kushuka. Nilifunga kabati nikasema moyoni kwamba hii ni aibu ya chuo. Katika kikao cha wakufunzi nikatangaza kwamba tutaandika maandalio mapya, safi, ya mtindo mmoja, yapigwe chapa na kudurufiwa, na yale ya zamani yachomwe ili mtu asije akayarudia.

Yule mzee alikuja ofisini kwangu baada ya kikao. Aliniuliza swali moja tu. "Mkuu, umeyasoma?"

Nikamjibu, "Nimeyaona."

Akasema, "Haya, Mkuu," akaweka ufunguo wa kabati juu ya meza yangu, akatoka.

Yalichomwa shimoni nyuma ya jiko. Kazi ya kuandika mapya ilianza kwa shangwe. Baada ya mwaka mmoja tulikuwa tumemaliza masomo mawili. Baada ya miaka miwili karatasi za stensili ziliadimika, wakufunzi wawili walihamishwa, na shangwe ikaisha. Hatukufika hata nusu. Wakati huohuo, makundi matatu ya wanachuo yalikwenda vijijini kufundisha yakiwa na karatasi chache mkononi, au hayana kitu. Nilikwenda kuwakagua. Nilimkuta binti mmoja amesimama mbele ya watoto zaidi ya themanini, anafundisha kugawanya sehemu kwa mfano wa mkate kama tulivyoandika katika maandalio yetu mapya, na watoto wanamtazama tu. Nikamwandikia alama za chini. Sikujiuliza mfano ule ulitoka wapi.

Mwaka 2006 mwalimu mmoja alinifuata katika mkutano, akaniamkia, akanipa kitu kilichofungwa katika gazeti. Lilikuwa daftari la kaunta. Aliliazima kabla ya mimi kufika chuoni, akapangiwa kazi mbali, na kwa miaka yote hiyo dhamiri ilikuwa ikimsumbua kwamba hakulirudisha. Usiku ule, katika nyumba ya wageni, nililisoma kwa mara ya kwanza. Lilikuwa la hesabu. Katika somo la kugawanya sehemu mfano wa mkate ulikuwa umekatwa, na pembeni kwa wino mwekundu pameandikwa: usitumie mkate, watoto wa vijijini hawaujui kukatwa vipande, tumia muwa. Chini yake, kwa mwandiko mwingine: muwa huleta fujo darasani, chora shamba ligawanywe kwa ndugu. Chini yake tena: shamba ni zuri, lakini anza na ndugu wawili, usianze na watatu.

Karibu kila ukurasa ulikuwa hivyo. Yale niliyoyaona kuwa ni uchafu yalikuwa makosa yaliyokwisha kulipiwa. Kila mshale na kila mstari uliokatwa ulikuwa na mwalimu aliyeaibika mbele ya watoto, akarudi chuoni akasema, jamani, pale pana shimo. Nilichoma miaka thelathini ya mashimo yaliyokwisha kuwekewa alama, kisha nikawatuma vijana wayatumbukie upya.

Yule mkufunzi mzee alikwisha fariki.

Haya ndiyo niliyomsimulia mjukuu wangu barazani. Aliponyamaza kulia, alifungua kompyuta yake akairudia ile maktaba aliyoiacha, safari hii akaisoma. Mwandishi wake aliambatanisha orodha ndefu ya majaribio, yaani tarakimu zilizokwisha kujaribiwa na jibu linalotakiwa kwa kila moja. Na katika orodha hiyo mlikuwa na safu nzima ya tarakimu zenye sifuri katikati: 105, 1,005, 10,050, 105,000. Miaka kadhaa nyuma mtu fulani alitumbukia katika shimo lilelile, akalifukia, akaweka alama. Alama hiyo ilikuwa mbele ya macho ya mjukuu wangu siku ile ya kwanza, naye hakuiona kwa sababu alichukizwa na lile kosa la laki.

Kesho yake tulikwenda pamoja shuleni, kisha kijijini kwa yule mzazi. Mjukuu wangu aliomba radhi mwenyewe mbele ya baba na mtoto. Baba alitusikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, mimi kidogo nimchape." Mtoto hakusema neno. Shule ilimpa mtihani wake baadaye, lakini zile siku mbili hakuna mtu awezaye kumrudishia.

Baada ya hapo mjukuu wangu aliandika sahihisho la laki, akampelekea mtunzaji wa ile maktaba. Alikuwa mtu mmoja aishiye ng'ambo, mwenye kazi nyingine ya kumlisha, anayeitunza maktaba hiyo usiku. Hakujibu kwa wiki tatu. Alipojibu, hakukubali mara moja. Aliuliza: je, wasemaji wote wa Kiswahili husema laki? Wa Kenya? Wa Kongo? Katika hati rasmi pia, au sokoni tu? Na waliokwisha kuitumia maktaba hii katika programu zao, wataamka kesho na kukuta maneno yamebadilika? Mjukuu wangu alikasirika. Mimi nilifurahi, maana hayo ndiyo maswali ambayo mimi sikuulizwa na mtu mwaka 1994, na kama yule mzee aliyaleta ofisini kwangu katika lile swali lake moja, sikumpa nafasi ya kuyafafanua. Waliandikiana kwa muda wa miezi miwili. Mwisho walikubaliana kwamba laki iwe ya hiari: anayeitaka anaiwasha, asiyeitaka anaendelea kama zamani. Wiki tatu za kuandika peke yake zilimletea risiti za uongo, na miezi miwili ya kubishana na mtu asiyemjua ikaleta kitu kinachowafaa hata watu wasiopata kuisikia Mpanda.

Sitaki msomaji adhani kwamba namlaumu kila aanzaye jambo jipya. Mjukuu wangu mwenyewe alinibishia, na hoja zake zilikuwa nzito. Alinieleza habari ya OpenSSL, maktaba inayofunga mawasiliano kwa siri katika sehemu kubwa ya intaneti. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kwamba ndani yake mna kosa, likapewa jina la Heartbleed, ambalo lilimwezesha mwizi kuchungulia siri zilizo katika kumbukumbu ya kompyuta. Kosa hilo lilikuwamo tangu toleo la mwaka 2012. Dunia nzima ilikuwa ikiitumia, na kila mmoja alidhani mwenzake ameikagua. Tena alinieleza habari ya maktaba iitwayo xz. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba mtu aliyejitokeza kama msaidizi mwema, na akasaidia kwa muda mrefu hadi akaaminiwa, alikuwa ametia mlango wa siri ndani yake. "Sasa Babu," akasema, "si afadhali mtu aandike ya kwake akaijua?"

Nilimwomba anieleze zaidi watunzaji wa maktaba hizo walikuwa nani. Akasema kwamba wakati Heartbleed inagunduliwa, OpenSSL ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeishughulikia muda wote, na michango ya hiari iliyopatikana ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Mtunzaji wa xz naye alikuwa peke yake, amechoka, na uchovu wake ndio uliompa yule mlaghai nafasi. Nikasema, basi hao ni mzee wangu wa kabati. Watu wote wanakula matunda ya kazi yake, na hakuna anayemshikia hata sindano. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini anayeuona ufa mara nyingi ni mmoja, na wanaopita kando ya ukuta ni elfu.

Na je, baada ya Heartbleed watu walifanya nini? Wengine, yakiwamo makampuni makubwa, walichanga fedha ili OpenSSL ipate watu wa kuitunza. Wengine walijitenga: watu wa mradi wa OpenBSD wakaanzisha LibreSSL, na kampuni ya Google ikaanzisha BoringSSL. Lakini hata hao waliojitenga hawakuanza na karatasi tupu. Walichukua nakala ya ile ya zamani, wakaisoma mstari kwa mstari, wakaondoa maelfu ya mistari wasiyoihitaji. Walikwenda njia yao wakiwa na daftari la wazee kwapani.

Nasi Waswahili tuna mifano yetu ya namna hiyo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilijengwa juu ya kamusi ya Madan ya mwaka 1903, na jambo hilo lilitamkwa wazi katika jina lake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, ikadurusiwa na kutolewa tena mwaka 2004. Kila kizazi kilikuta makosa, kikayarekebisha na kuongeza maneno. Na mwaka 2004 huohuo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walipotaka Mtanzania aweze kuandika barua kwa kompyuta inayosema naye kwa Kiswahili, hawakubuni programu mpya ya kuandikia. Walichukua OpenOffice, iliyokuwa wazi kwa wote, wakaitia maneno ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kama wangetaka kuanzia kwenye herufi ya kwanza, naamini hatungeiona.

Hata hivyo upo wakati wa kuanza upya, na sisi wa Mpanda hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta mfano. Reli yetu ya tawi kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, enzi za Waingereza. Mgodi ulifungwa, lakini reli ikabaki, ikabeba abiria na mazao, na maisha mengi ya mji huu yameletwa nayo. Hiyo ni sifa ya kutunza. Lakini upana wake ni mita moja, kama ilivyo Reli ya Kati ya tangu Wajerumani. Treni ya kasi haiwezi kupita juu ya njia hiyo hata uikarabati miaka mia. Kwa hiyo ilipotakiwa treni ya kasi, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, ilibidi ijengwe njia nyingine ya upana wa milimita 1,435. Kilichokuwa kimekwama ni kipimo chenyewe cha msingi, na kipimo cha msingi hakizibiki kama ufa. Tena mpya ilipojengwa, ya zamani haikung'olewa siku hiyohiyo. Mimi nilichoma kabati kabla hata ukurasa mmoja mpya haujaandikwa.

Kwa hiyo siku hizi, kijana akija kwangu na kusema kwamba alichokikuta hakifai na anataka kuanza chake, simkatazi. Namwuliza mambo matatu. Je, umekisoma, au umekiona? Je, ubaya wake uko katika msingi, au uko ukutani ambako panaweza kuzibwa? Na je, yupo mtu anayekitunza, na umekwenda kumsikiliza kabla ya kumwachia ufunguo mikononi? Akiweza kuyajibu yote matatu, na bado akataka kuanza, namtakia heri. Wengi huishia kwenye swali la kwanza.

Mjukuu wangu ameombwa na yule mtunzaji wa ng'ambo amsaidie kwa upande wa Kiswahili, naye amekubali. Haimlipi. Siku za Jumamosi husoma masahihisho yanayoletwa na watu, na mara nyingine huja kuniuliza neno. Lile daftari la hesabu nimempa yeye alitunze, kwa kuwa wengine katika familia wangelifungia sukari.

Yule mkufunzi mzee sikumwomba radhi alipokuwa hai. Nilikuwa na miaka kadhaa ya kufanya hivyo, tukikutana kila asubuhi kwenye bendera, akiniita Mkuu nami nikimwitikia. Jina lake silitaji hapa kwa heshima ya watoto wake. Lakini kama mmoja wao atasoma ukurasa huu na kulitambua lile kabati la mninga, na ajue kwamba niliyasoma hatimaye, nikakuta kwamba baba yake alikuwa na haki ya kuniuliza.